Mbinu Zimegoma: Kutafuta Chanzo Nyumbani kwa Mtoto Mwenye Usonji

Mafunzo mengi ya tiba ya tabia, yaani kumfundisha mtoto kwa kubadilisha kinachotangulia na kinachofuata tabia yake, yameandikwa kana kwamba nyumba ina mama, baba, mtoto na mtaalamu anayebisha hodi saa tatu asubuhi. Hapa Ujiji, Kigoma, uani kuna bibi, mama mdogo, wapangaji wa vyumba viwili, watoto wa shule, na jirani aliyekuja kuomba chumvi akakaa hadi adhuhuri. Mtoto mmoja anapita mikononi mwa watu saba kabla ya magharibi. Mwanangu sasa ana miaka 11. Alipogundulika kuwa na usonji (autism) nilijifunza kwa ajili yake tu, kisha wenzangu wakaanza kuniita kwao: Gungu, Mwanga, Katonga, hadi Kibirizi. Ninachokikuta karibu kila nyumba ni kile kile. Mbinu ni sahihi, ila kwa tabia moja mtoto analipwa bei saba, kila mtu na jibu lake.

Nimepanga mwongozo huu kwa malalamiko, kama akina mama wanavyoyatamka. Tafuta lako. Lakini kabla hujafika huko, kuna kazi ya wiki moja.

Daftari kwanza

Chukua daftari dogo la shule na kalamu, vitundike jikoni. Kila tabia inayokusumbua ikitokea, andika mambo matatu: nini kilikuwa kinaendelea dakika mbili tatu kabla, mtoto alifanya nini hasa, na watu walifanya nini baada ya hapo. Ongeza saa. Usiandike "alikuwa mkorofi", andika "aliuma mkono wa kushoto". Siku saba, bila kubadilisha chochote. Wengi hushindwa hapo penye kutobadilisha chochote, kwa sababu tunataka dawa leo.

Ukisoma wiki nzima utaona tabia inamlipa mtoto kwa njia moja kati ya nne. Anapata kitu, kama biskuti au simu. Anapata watu, na kugombezwa nako ni kupata mtu. Anaepuka jambo: kuoga, kelele, kazi iliyomzidi. Au mwili wake wenyewe unafaidi, kama pale anapojizungusha au anapopunga mikono mbele ya macho. Kofi unalodhani ni adhabu laweza kuwa malipo, ikiwa ndiyo mara pekee kwa siku mtu mzima anaacha kazi na kumwangalia usoni. Watoto wawili wanaojigonga kichwa wanaweza kuwa na sababu mbili tofauti kabisa, kwa hiyo dawa iliyomfaa mtoto wa jirani inaweza kumharibu wako.

Mwanga kulikuwa na mvulana wa miaka sita aliyekuwa anajiuma mkono hadi ngozi inachubuka. Nyumba nzima ilikubaliana kwamba ana jini la alasiri. Daftari likaonyesha saa tisa hadi saa kumi na moja, siku zote isipokuwa Jumapili. Jini gani linapumzika Jumapili? Ukuta wa pili kulikuwa na mashine ya kusaga. Tulihamisha mkeka wake upande wa barabarani nyakati hizo, na tukamfundisha kushika masikio na kumvuta mama mkono sauti inapomzidi. Kujiuma kulipungua ndani ya siku kumi. Kwa kweli pale hakuna tiba niliyofanya, tulihamisha mkeka tu.

"Ameharibika ghafla, ndani ya wiki moja"

Hapa usianze na tabia, anza na mwili. Mtoto asiyeongea hawezi kukwambia kwamba jino linauma. Mwangalie meno, masikio kama yanatoa usaha, tumbo na choo kigumu, joto la mwili, vidonda kinywani. Mpime malaria. Mimi mwenyewe nilipoteza wiki mbili nikimpa mwanangu tuzo kila alipoacha kugonga taya ukutani, najiona mtaalamu, kumbe gego limeoza. Siku lilipong'olewa ukuta ulipumzika.

Kifafa hutokea kwa watu wenye usonji mara nyingi kuliko kwa wengine. Ukiona anaduwaa na macho yamekodoa, haitiki hata ukimgusa, anakakamaa, au anapoteza maneno aliyokuwa nayo, hiyo si kazi ya daftari wala ya mganga. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, nao wakiona inafaa watakuandikia rufaa ya hospitali ya mkoa, Maweni. Beba daftari, litamsaidia daktari kuliko maelezo yako ya haraka haraka. Na kama hajawahi kupimwa masikio, omba apimwe, kwani mtoto asiyeitika jina lake huenda hasikii vizuri. Anayekula udongo aangaliwe damu, maana upungufu wa madini ya chuma unaweza kuwa nyuma yake.

Mwili ukiwa salama ndipo uulize nini kimebadilika nyumbani. Mgeni, kuhama chumba, shule kufunga, mama kujifungua, hata kubadilisha sabuni.

"Kila mwezi kuna siku anavurugika"

Hili sikulikuta kwenye mafunzo yoyote, nimelikuta Kibirizi. Mama mmoja aliniambia, "Dada, mwezi ukijaa mwanangu anachanganyikiwa. Hii haina ubishi, hata jirani anajua." Na kweli daftari lilimuunga mkono: siku tano sita kila mwezi, mtoto halali, anatupa sahani, analia mlangoni.

Mwezi ulikuwa na hatia, lakini si moja kwa moja. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, wakifuata taa za wavuvi. Mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti kitu, mitumbwi inakaa ufukweni na baba anakaa nyumbani. Baba akiwepo, mtoto anatolewa kitanda cha mama na kulazwa chini. Chai inanywewa saa nne badala ya saa moja. Redio inawashwa. Mtoto anayejua dunia kwa mpangilio wake anaamka asubuhi na kukuta mpangilio umeondoka na hakuna aliyemuaga!

Tulifanya mambo mawili. La kwanza, alale mahali pamoja mwezi mzima, baba awepo asiwepo. La pili, kamba ya siku. Ni kamba ya kanga iliyofungwa ukutani, unaning'iniza vitu halisi kwa mfuatano: kikombe cha chai, kipande cha sabuni, kandambili za kutoka, kijiko cha mchana, kipande cha mkeka. Kila jambo likiisha mtoto anatoa kitu na kukitia kapuni. Siku ambayo baba hataenda ziwani, kofia yake inatundikwa mwanzo wa kamba tangu jioni iliyotangulia. Mwezi wa tatu hivi mtoto alianza kuigusa kofia na kwenda zake. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, kofia ilikaa pale miezi mitatu, mtoto akazoea. Shida ilikuja Agosti ilipoondoka. Tulisahau kumuandaa kwa kuondoka, tukalipa.

"Nilimpuuza kama nilivyoelekezwa, ndiyo kwanza akazidisha"

Lalamiko hili ndilo linalovunja nyumba nyingi, nami nitakaa nalo kidogo.

Tabia iliyozoea kulipwa, ukikata malipo, haizimiki palepale. Inapanda kwanza. Kibatari kinachoishiwa mafuta huruka moto mara ya mwisho kabla ya kufa. Mtoto aliyekuwa analia dakika tano kwa ajili ya simu atalia ishirini, atatupa kitu, atajitupa chini. Hiyo ni dalili kwamba umeshika pahali penyewe. Ukiachia katika dakika ya ishirini, umemfundisha kwamba bei mpya ya simu ni dakika ishirini, na kesho ataanzia hapo.

Sasa tuseme wewe hukuachia. Aliachia nani?

Nyumba moja ya Ujiji mama alikuwa amefuata kila kitu miezi miwili, amekonda. Nikaomba kukaa na bibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu mkekani. Najua umetumwa kunisema."

"Hapana, bibi. Nimekuja kujifunza kwako. Akilia, wewe unamtulizaje?"

Bibi akaingiza mkono kwenye pindo la kanga, akatoa fundo la karanga. "Kwa hizi. Mimi siwezi kusikia mjukuu wangu analia na karanga ziko hapa. Wewe utaweza?"

Sikumjibu kwamba nitaweza, maana singeweza. Nikamwambia, "Usimnyime, bibi. Mpe kabla hajalia."

Hapo ndipo palipobadilika. Bibi hakuwa anaharibu. Alikuwa na karanga na upendo, vyote akivitoa saa isiyofaa. Tukamfundisha mtoto kugonga kiganja cha bibi mara moja. Mwanzoni bibi mwenyewe alimshika mkono akaugonga, akampa karanga moja, sio fundo zima. Baadaye alimgusa kiwiko tu. Baadaye alikaa amefungua kiganja akisubiri. Akilia, bibi anafunga kiganja na kuangalia pembeni hadi sauti ishuke, kisha anakifungua tena. Ndani ya mwezi mtoto alikuwa anavuka uwanja mzima kwenda kugonga kiganja. Mama naye akapata usingizi.

Kwa nini karanga za mara moja moja zilikuwa na nguvu kuliko ukali wa mama wa kila siku? Muulize mvuvi. Usiku tisa anarudi mikono mitupu, wa kumi mtumbwi umejaa, na usiku wa kumi na moja utamkuta ufukweni kabla ya jua kuzama. Anayelipwa mara moja kati ya kumi hakati tamaa. Kwa hiyo, kama hamuwezi kukubaliana wote uani kuacha kulipa tabia fulani, ni afadhali msianze kabisa kuipuuza. Fundisheni njia mbadala na ilipeni njia hiyo vizuri zaidi.

Na kupuuza kuna mipaka. Anayejigonga kichwa, anayejiuma, anayekimbilia jiko la mkaa, huyo hapuuzwi. Unamkinga kwa mikono, bila hotuba, uso mkavu, mto chini ya kichwa, na hatari ikipita unarudi kwenye daftari.

"Kwangu anafanya, kwa wengine hafanyi"

Amejifunza kwako, kwa kikombe chako cha bluu, kwenye kigoda kile. Kwake somo lote ndilo hilo. Mfundishe jambo lile lile kwa vikombe vitatu, mahali patatu, na watu watatu, akiwemo mtoto mwenzake wa uani. Watoto wa uani, kwa maoni yangu, ni walimu bora kuliko sisi, wakipewa kazi inayoeleweka na sifa mbele ya wenzao.

"Haongei, na naogopa picha zitamfanya awe mvivu wa kuongea"

Hofu hii naisikia kila wiki. Utafiti hauiungi mkono: kumpa mtoto picha au ishara hakumzuii kuongea, na baadhi ya watoto huanza kutamka zaidi wakishagundua kwamba mawasiliano yanaleta kitu. Njia inayojulikana zaidi ya kubadilishana picha ilianzishwa mwaka 1985 na Andy Bondy na Lori Frost huko Delaware, Marekani. Kiini chake ni chepesi: mtoto anakukabidhi picha, wewe unampa kitu chenyewe papo hapo. Haanzi kwa kuulizwa "Unataka nini?" Anaanza yeye.

Huna haja ya printa. Kata karatasi ya biskuti anazozipenda, ibandike kwenye boksi gumu. Kifuniko cha soda kiwe soda. Kosa la kawaida ni kubandika picha juu ukutani kama mapambo, asikozifikia. Kosa la pili ni kujua anachotaka na kumpa kabla hajaomba, jambo ambalo mama yeyote hulifanya kwa huruma. Weka biskuti kwenye chupa angavu yenye mfuniko mgumu, aione, asiweze kuifungua. Sasa anakuhitaji.

Anayerudia maneno yako kama kasuku usimnyamazishe. Ukisema "Unataka maji?" naye akisema "unataka maji" huku akitazama mtungi, huyo ameomba. Mpe, huku ukimtamkia namna yake: "Nataka maji."

"Hataki choo"

Watu hudhani ni ukaidi. Ingia chooni kwako, chuchumaa, uone kama mtoto wa miaka minne. Giza, harufu, nzi, na tundu jeusi lenye upana unaomtosha. Mimi nisingeenda. Dalili ya woga ni kwamba anakazana mlangoni, anashika nguo yako, lakini nyuma ya nyumba anajisaidia bila shida. Dalili ya kutojua ni kwamba anajisaidia popote bila kujali.

Kwa woga, pima hatua ndogo: asimame mlangoni apate tuzo, aingie mlango ukiwa wazi, asimame na viatu, achuchumae na nguo zake. Weka ubao uliokatwa tundu dogo juu ya lile kubwa. Wengine tumetumia ndoo ndogo iliyowekwa jirani na choo, kisha tukaisogeza ndani siku hadi siku. Kwa asiyejua, andika saa anazojisaidia kwa siku tano, kisha mpeleke robo saa kabla. Usimchape kwa kulowesha nguo. Atakachojifunza ni kujificha, na hapo mnaanza upya mkiwa nyuma zaidi.

"Anatoroka kuelekea ziwani"

Lalamiko hili halisubiri wiki ya daftari. Watoto wenye usonji wengi huvutwa na maji, na kuzama ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo kwa wale wanaotoroka. Katonga na Kibirizi ziwa liko mwisho wa uchochoro. Mtoto akipotea, usianze kwa kuita nyumba kwa nyumba. Nenda majini kwanza, wengine watafute kwingine.

Weka komeo juu, asipofika. Funika visima na mapipa. Mpeleke kwa madereva wa bodaboda wa kijiweni na kwa wanawake wanaoanika dagaa, wamjue sura na jina lake, waelewe kwamba hataitika, wamshike mkono tu wampigie simu mama. Mvalishe nguo za rangi kali siku zote. Tafuta kijana muogeleaji mnayemwamini amfundishe kuelea. Kisha mpe maji kwa ratiba: beseni uani kila jioni, na safari ya ziwani kwa mkono wa mtu mzima, ikiwa imetundikwa kwenye kamba ya siku. Anayejua kwamba maji yanakuja hana haraka ya kuyafuata.

Nimekuta watoto wamefungwa kamba mguuni. Simcheki mama wa mmoja wao, ameshamtoa mwanawe majini mara mbili na ana mihogo ya kumenya. Lakini kamba inaacha kidonda na haifundishi kitu. Tulipogawana zamu uani, kila mtu mzima saa moja na nusu, kamba ilifunguliwa. Mpangaji mmoja aliyekuwa hasemi na mtu ndiye aliyekuwa mlinzi mwaminifu kuliko wote.

"Nimesikia lazima saa 40 kwa wiki"

Idadi hiyo ya saa za tiba ya tabia ina asili yake. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Ivar Lovaas wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alitoa utafiti wa watoto 19 waliofundishwa nyumbani kwa takriban saa 40 kwa wiki, miaka miwili na zaidi. Alisema 9 kati yao waliweza kusoma darasa la kawaida. Utafiti ule uliwapa wazazi matumaini, na ulikosolewa pia, kwa sababu watoto hawakugawanywa kwenye makundi kwa bahati nasibu. Miaka ya mwanzo ya kazi ile watoto walipigwa makofi, hata kupigwa shoti za umeme. Watu wazima wenye usonji wameyasema hayo wazi, nami nakubaliana nao.

Kwa hiyo mambo mawili. Usijilaumu kwa kukosa saa 40. Dakika kumi wakati wa kuoga, kumi wakati wa kuchambua maharage na kumi kabla ya kulala ni kazi ya kweli, ikiwa mnaifanya kila siku. Na usitumie dakika hizo kumlazimisha akutazame machoni au aache kupunga mikono. Mikono inayopungwa haimuumizi mtu. Nguvu zako zihifadhi kwa ajili ya kuomba, kula, choo na usalama.

"Tuzo haifanyi kazi tena"

Angalia kwanza kama bado ni tuzo. Biskuti anayopewa bure na wapangaji asubuhi haiwezi kununua kazi ya jioni. Pili, angalia kama inachelewa: ukisema "vizuri" kisha uende dukani kununua pipi, kwa wakati huo ameshafanya mambo manne mengine, na hajui umelipia lipi. Tatu, huenda ni wewe uliyeichagua.

Gungu tulijaribu biskuti, soda, muziki wa simu na mpira kwa msichana mmoja ambaye hakukubali kuvaa gauni. Vyote alivitupa. Siku hiyo mama alikuwa anasonga ugali, msichana akaja akasimama jirani na jiko, akiangalia mwiko unavyozunguka. Mama akaweka beseni la maji ya baridi mbali na moto, akampa mwiko wa pili. Alizungusha maji karibu nusu saa. Kesho yake mama alishika gauni mkono huu, mwiko mkono huu. Mkono mmoja wa gauni ukapita, akapewa mwiko. Kufikia Ijumaa ilipita yote miwili.